UHLENHAUT: Mhandisi aliyekwenda kazini na ndinga ya Euro 135 milioni

MWAKA 2017 PSG iliweka mezani Euro 222 milioni kumng'oa Neymar pale Barcelona, dunia ya soka ikashika kichwa. Mei 2022, huko Stuttgart, Ujerumani, gari moja la zamani la milango miwili likauzwa Euro 135 milioni. Mkwanja huo unasajili staa wa maana Ulaya.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 300 SLR, lakini wapenda magari wanaliita kwa jina la mtu: Uhlenhaut Coupé. Mtu huyo ni Rudolf Uhlenhaut, bosi wa ufundi aliyekuwa na kasi kama madereva wake, ila hakuwahi kupangwa kikosini.

Alizaliwa London Julai 15, 1906, baba Mjerumani, mama Mwingereza. Alisomea uhandisi Munich, na mwaka 1931 akaajiriwa na Daimler-Benz.

Mwaka 1936 timu ya mbio ya Mercedes ilikuwa hoi, inachapwa kila kona. Mabosi wakamkabidhi kazi ya kuifufua akiwa na miaka 30 tu. Jamaa hakukaa ofisini kusubiri ripoti za madereva. Alichukua magari ya mbio, akaenda nayo Nürburgring na kuyaendesha mwenyewe mpaka akajua yanaumwa wapi. Fremu ilikuwa inapinda na springi zilikuwa ngumu mno. Mwaka uliofuata ikaja W125, na Rudolf Caracciola akabeba ubingwa wa Ulaya.

Baada ya vita moto ukawa uleule. Mercedes ilishinda Le Mans mwaka 1952, kisha Juan Manuel Fangio akatwaa ubingwa wa dunia 1954 na 1955.

Inasimuliwa kwamba siku moja Fangio alilalamika gari halijakaa sawa. Uhlenhaut akatoka kula chakula cha mchana, akaingia garini na suti na tai yake, akazunguka Nürburgring kwa muda mzuri kuliko wa bingwa wa dunia.

Sasa kwa nini hakushindana? Kampuni haikutaka kumweka hatarini. Dereva mwingine angepatikana, lakini kichwa kile hakikuwa na mbadala.

Mwaka 1955 Stirling Moss alishinda Mille Miglia, Italia, kwa 300 SLR ya wazi. Uhlenhaut akaandaa mbili zenye paa, milango ikifunguka kwenda juu kama mbawa, kwa ajili ya mbio ndefu za Mexico.

Juni 11 mwaka huohuo, kule Le Mans, 300 SLR ya Pierre Levegh iligonga gari lingine na kurukia mashabiki. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mbio za Mexico zikafutwa, na msimu ulipoisha Mercedes ikajitoa mashindanoni. Ndinga mbili mpya zikabaki benchi bila kucheza hata dakika moja.

Hapo ndipo Uhlenhaut alipoichukua moja iwe gari lake la kazini. Siku hizi mtu akipata gari kali la zamani, cha kwanza anabadili rimu, anapiga rangi na kufunga muziki mnene. Yeye aliongeza eksozi kubwa kama sanduku la safari, ili kelele zipungue. Injini ya silinda nane, yenye nguvu za farasi kama 300, aliiacha ilivyo. Ndani kuna joto, na dereva anakaa ametanua miguu kwa sababu shafti ya kupeleka nguvu nyuma inapita katikati.

Lilikaribia kilomita 290 kwa saa. Inaelezwa aliwahi kuchelewa kikao, akatoka Munich hadi Stuttgart, zaidi ya kilomita 200, kwa saa moja na kidogo.

Alistaafu mwaka 1972 na kufariki Mei 8, 1989. Inaelezwa hakuwahi kumiliki gari lake mwenyewe.

Fedha za mauzo zilipelekwa kwenye mfuko wa kusomesha vijana. Ndinga ya pili bado ipo makumbusho ya Mercedes, jirani kabisa na uwanja wa VfB Stuttgart. Shabiki anayekwenda kuangalia mechi pale anaweza kupita kwanza kuiona ile ambayo haikuuzwa.