Peter Scott: Mwaka Mmoja Ukambani

Katika mji wa Machakos kiko chuo kikuu cha Kikristo kiitwacho Scott. Kilianza mwaka 1962 kikiwa chuo cha kuwafundisha wachungaji, na wanaopita mbele ya lango lake kila siku ni wengi. Wanaomjua mwenye jina hilo si wengi. Sisi watu wa Pwani twawajua zaidi Krapf na Rebmann, waliokaa Rabai na Mombasa na kuandika mengi juu ya nchi hizi. Scott alishukia bandarini kwetu tu, akaenda zake bara, na kabla mwaka wa pili haujaanza alikuwa kaburini. Hata hivyo maisha yake yana jambo la kuzingatiwa na kila mtu mwenye dini, awe wa msikiti au wa kanisa.

Peter Cameron Scott alizaliwa tarehe 7 Machi 1867 katika mji wa Glasgow, Uskochi. Angali mtoto, wazazi wake walihamia Philadelphia, Marekani, na huko ndiko alikokulia. Mungu alimjaalia sauti nzuri ya kuimba, na kwa muda moyo wake ulivutwa na majumba ya michezo na nyimbo, mahali ambapo kijana mwenye sauti kama ile angeweza kupata fedha na jina. Wazazi wake, waliokuwa watu wa dini, hawakulipenda jambo hilo. Mwishowe yeye mwenyewe aliiacha njia hiyo, akaazimia kuwa mmisionari.

Mwaka 1890 alikwenda pande za Mto Kongo. Nduguye John alimfuata ili wafanye kazi pamoja, lakini haikupita miezi mingi John akafa kwa homa. Hapakuwa na fundi wala jamaa wa kusaidia. Peter aliranda mbao mwenyewe akatengeneza jeneza, akachimba kaburi kwa mikono yake, akamzika nduguye. Msomaji aliyepata kumzika wa tumbo moja naye ataelewa uzito wa siku hiyo. Baadaye naye alishikwa na maradhi, na mwaka 1892 ikambidi arudi Uingereza akiwa mgonjwa hoi.

Wengi wangeona kwamba hapo ndipo mwisho wa safari. Lakini alipokuwa London alikwenda katika kanisa kuu la Westminster, mahali alipozikwa David Livingstone, na mbele ya kaburi lile nia yake ikarudi upya. Alipopata nafuu alikwenda Marekani akakusanya wenzake, na mwaka 1895 ikaundwa Africa Inland Mission, yaani misheni ya Afrika ya bara.

Hapa haifai kuficha jambo. Scott alikuwa amekusudia kujenga safu ya vituo kuanzia karibu na Mombasa mpaka Ziwa Chad, na shabaha yake mojawapo ilikuwa kuuzuia Uislamu usienee kutoka kaskazini kuja nchi za kati. Kwa msomaji Mwislamu habari hii si ya kupendeza. Lakini mtu huandikwa kama alivyokuwa, na mpango huo wenyewe tutaona ulikoishia.

Kundi lake la watu 8, akiwamo dada yake Margaret, lilipanda meli mwezi Agosti 1895 na kufika Mombasa mwezi Oktoba. Wazee wa Pwani wanayo kumbukumbu ya mwaka huo. Waingereza walikuwa wametangaza himaya yao tarehe 1 Julai, na Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi alikuwa amekwisha kuinua silaha. Vita hivyo havikuisha mpaka mwaka uliofuata, Mbaruk alipovuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Reli nayo ilikuwa bado. Kwenda bara kulikuwa ni kwa miguu, pamoja na msafara wa wapagazi, kupitia nyika ya Taru ambayo maji yake ni haba. Walifika Nzaui, Ukambani, tarehe 12 Desemba 1895.

Nzaui ni mlima wenye jabali kubwa. Kwa miaka mingi ulihesabiwa katika wilaya ya Machakos, mpaka wilaya ya Makueni ilipotengwa mwaka 1992. Mji wa Machakos wenyewe, uliopata jina lake kwa Masaku, mzee mashuhuri wa Wakamba, ulikuwa wakati ule ndio makao ya serikali ya Waingereza katika bara ya nchi hii, kwani Nairobi ilikuwa haijajengwa.

Sasa ndipo palipoanza mtihani wa kweli. Watu hudhani kwamba imani ya mtu hupimwa siku ya upanga na moto. Scott hakupata siku kama hiyo. Mtihani wake ulikuwa ule wa kila asubuhi: nyumba haijaezekwa na mvua inakuja, mzigo umechelewa njiani, mwenzake ana homa, lugha ya Kikamba haijakaa ulimini, na jirani anasikiliza kwa adabu kisha anakwenda shambani kwake. Mambo kama hayo hayamwui mtu kwa siku moja, lakini humla kidogo kidogo, na wengi walioweza kustahimili msiba mkubwa wameshindwa na madogo yanayorudi kila siku.

Yeye hakushindwa. Katika mwaka huo mmoja vilianzishwa vituo vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo, ambayo iko katika vilima vya Machakos. Nyumba zilijengwa, masomo yakaanzishwa, wagonjwa wakapewa dawa. Wazazi wake nao walikuja mwaka 1896 pamoja na dada yake mwingine, Ina. Historia ya misheni yake yasimulia kwamba katika mwaka huo alitembea maili zipatazo 2,600 kwa miguu, akitoka kituo hiki kwenda kile.

Mwili wake haukuweza. Alishikwa na ile homa kali ya malaria igeuzayo mkojo ukawa mweusi, akafariki tarehe 4 Desemba 1896, zikiwa zimebaki siku chache kutimia mwaka tangu afike Nzaui. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Baada yake mambo yalizidi kuwa mazito. Baadhi ya wenzake walikufa, wengine wakarejea kwao. Kisha ukaja ukame mkubwa wa mwaka 1898 na 1899 ambao Wakamba wauita Ngomanisye, na ndui pamoja nao, watu wakafa kwa wingi. Kufikia mwaka 1899 wamisionari wa kundi lile walikuwa karibu wametoweka wote. Lakini kazi haikukatika. Wengine walikuja, mwaka 1903 makao makuu yakahamishiwa Kijabe, na kutokana na misheni hiyo likatokea kanisa la Africa Inland Church, ambalo Machakos ni miongoni mwa ngome zake.

Na ule mpango wa safu ya vituo mpaka Chad? Scott aliiona mwanzo wake tu. Uislamu nao haukuzuilika. Leo Waislamu wanaswali Machakos kama wanavyoswali Mombasa, na majirani zao wa kanisani wanawatakia Idi njema. Kilichobaki cha Scott ni shule, matibabu, na watu waliojifunza kumwomba Mungu katikati ya njaa na homa.

Dini yetu yatufundisha kwamba hata mwili wa mtu una haki juu yake. Kwa kipimo hicho twaweza kusema kwamba kijana huyu aliudhulumu wake, na pengine angepumzika angeishi kufanya zaidi. Hilo ni la kujifunza. Lakini tusilisahau na lile la pili. Mtu aliyemzika nduguye kwa mikono yake huko Kongo, akarudi tena Afrika, akaamka kila siku kwenda kwenye kazi ileile ngumu bila kumlaumu Muumba wake, huyo alikuwa na subira. Wengi wetu twakosa sala kwa sababu ya mvua, na twakata tamaa kwa sababu ya deni la dukani. Subira hiyo hatuna haja ya kuingia kanisani ili tuitambue, kwani hata sisi tumeamrishwa kuwa nayo.