Prince Rupert na Ufundi wa Mezotinti

Wanaosoma historia ya Uingereza humjua Prince Rupert kama jemadari wa wapanda farasi tu. Mimi napenda kuwaeleza habari za ufundi wa mikono yake.

Rupert alizaliwa Prague mwaka 1619. Mama yake alikuwa binti wa Mfalme James wa Uingereza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza huko mwaka 1642, Rupert alimpigania mjomba wake, Mfalme Charles wa Kwanza. Alishindwa vibaya Marston Moor mwaka 1644, na mwaka 1646 akafukuzwa nchini.

Alipokuwa akitangatanga Ulaya alijifunza mezotinti, yaani kuchapa picha kwa bamba la shaba. Yasemekana mwalimu wake alikuwa Ludwig von Siegen, askari wa Kijerumani, na kwamba walikutana Brussels mwaka 1654.

Kazi hii yataka subira. Kwanza bamba zima hutiwa vishimo vidogo vidogo kwa chuma chenye meno, kinachopembezwa huku na huku. Likipakwa wino na kuchapwa wakati huo, hutoa weusi mtupu. Ndipo fundi hukwangua na kulainisha kila anapotaka mwanga, kwa maana palipo laini wino haushiki. Basi picha hutoka gizani polepole, kama uso wa mtu anayeikaribia taa. Chuma hicho cha kupembeza chahesabiwa kuwa ni maarifa ya Rupert mwenyewe.

Mwaka 1658 alitoa picha yake kubwa, ya mwuaji aliyeshika upanga na kichwa cha Yohana Mbatizaji. Mwaka 1661 alimwonyesha John Evelyn ufundi huo, na kitabu cha Evelyn cha mwaka 1662 kikamsifu Rupert kuwa ndiye aliyeubuni. Hata ikazuka hadithi kwamba aliupata kwa kumtazama askari akikwangua kutu ya bunduki.

Hadithi hiyo mimi siikubali. Barua ya von Siegen ya mwaka 1642, aliyoipeleka pamoja na picha yake ya kwanza, yatosha kuwa shahidi.

Rupert alifariki London mwaka 1682, akazikwa Westminster Abbey. Kwa maoni yangu, heshima yake haipungui kwa kuitwa mwanafunzi. Alizaliwa katika ukoo wa kifalme, akakubali kufundishwa na askari, akaongeza maarifa yake, kisha akamfundisha mwingine. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: aliyeanza ni von Siegen.