Levi Morton na Deni Lake

Mwaka 1824, katika kijiji cha Shoreham, jimbo la Vermont, upande wa kaskazini wa Marekani, alizaliwa mtoto aliyeitwa Levi Morton. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, na mali yake ilikuwa haba, hata Levi hakuweza kuendelea na masomo ya juu. Tangu ujana wake alifanya kazi ya ukarani dukani, tena alifundisha shule kwa muda. Mwishowe akawa mfanyi biashara ya nguo, kwanza Boston, kisha New York.

Biashara yake ikastawi. Lakini mwaka 1861 vita vilianza baina ya majimbo ya kaskazini na ya kusini. Wenye maduka wa kusini walikuwa wamechukua nguo zake kwa mkopo, wala hawakulipa. Morton naye alikuwa akidaiwa na wengine, akafilisika. Akapatana na wadai wake awalipe senti 50 kwa kila dola, nao wakasamehe nusu iliyobaki. Kwa sheria, deni lilikuwa limekwisha.

Lakini moyoni mwake halikwisha. Mwaka 1863 alianzisha benki mjini New York, nayo ikampatia mali nyingi. Ndipo alipowaalika wadai wake wa zamani karamuni. Husimuliwa ya kuwa kila mmoja alipoinua sahani yake, aliona chini yake hundi ya fedha zote zilizosalia, pamoja na faida yake. Hapakuwa na hakimu aliyemlazimisha.

Mwaka 1878 watu wa New York walimchagua aingie katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 1880 James Garfield, aliyegombea urais, alimtaka awe Makamu wake, lakini Morton akakataa kwa shauri la rafiki zake. Mwaka 1881 Garfield aliuawa, na Makamu wake, Chester Arthur, akawa Rais. Wakati huo Morton alikuwa balozi nchini Ufaransa, na huko Paris alipigilia msumari wa kwanza wa Sanamu ya Uhuru.

Mwaka 1889 alipata kuwa Makamu wa Rais, mwenye kiti cha Seneti. Hapo lilimjia jambo gumu. Watu weusi wa kusini walikuwa na haki ya kupiga kura tangu mwaka 1870, lakini walizuiwa kwa vitisho na hila. Mwaka 1890 uliletwa mswada wa kuwalinda. Wapinzani wakahutubu siku nyingi makusudi ili mswada usipitishwe. Wenzake wa chama walitaka Morton awasaidie kuwashinda, lakini yeye aliona kuwa mwenye kiti hapaswi kupendelea upande wowote. Mwaka 1891 mswada ukaanguka, na sheria yenye nguvu ya kulinda haki ile haikupatikana mpaka mwaka 1965.

Baadaye Morton alikuwa Gavana wa New York. Alikufa tarehe 16 Mei 1920, siku aliyotimiza miaka 96.

Basi, wanafunzi, lipimeni jambo hili. Katika deni la fedha, Morton alitenda zaidi ya yale aliyotakiwa na sheria, na kwa hiyo twamheshimu. Katika kiti chake alishika kanuni tu, na maskini wakakosa ulinzi. Mtu mwaminifu na ajiulize sikuzote: Je, kuna mtu ambaye bado namwia?