Susi: baharia aliyepata medali kwa safari ya nchi kavu

Wadau, sisi wa Issuna bahari wengi tunaiona kwenye ramani tu, lakini leo nawaletea baharia. Anaitwa Abdullah Susi, mtu wa Shupanga, kando ya mto Zambezi, Msumbiji ya leo.

Alianza na kibarua cha kukata kuni za Pioneer, stima ya serikali ya Uingereza aliyokuwa akiitumia Dk. Livingstone. Mwaka 1864 akavuka naye bahari kwa kimeli cha Lady Nyassa, siku zaidi ya 40, hadi Bombay. Huko akapiga kazi bandarini. 1866 wakarudi Afrika.

Livingstone akafariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wangeweza kumzika wakaenda zao. Wapi! Moyo wakauzika, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaubeba. Tabora, Mwingereza Cameron akashauri azikwe palepale; wakagoma. Mbele yake wanakijiji wakakataa maiti isipite. Jamaa wakaifunga kama robota la nguo, wakapenya. Wakaikata nchi hii yetu ya kati, Februari 1874 wakatua Bagamoyo.

Mwili ukazikwa London Aprili 18. Susi na Chuma wakafika Uingereza mazishi yameshapita! Chama cha Kifalme cha Jiografia kikawapa medali. Susi alifia Zanzibar 1891.

Shuleni mimi nilimkariri Livingstone, nikafaulu. Aliyembeba sikuulizwa hata siku moja. Je, nyie mlifundishwa?