Réaumur na Viwavi wa Uongo

Wengi wetu, tukisikia jina la Réaumur, hukumbuka kipimajoto chake cha mwaka 1730, ambacho maji huganda kwenye 0 na kuchemka kwenye 80. Mimi naona kazi yake ya wadudu ilikuwa kubwa zaidi.

Bwana huyu alizaliwa La Rochelle, Ufaransa, mwaka 1683. Alikuwa na mali ya kumtosha, lakini hakukaa bure. Mwaka 1708, angali kijana, aliingizwa katika Baraza la Sayansi la Paris.

Ukimwona mdudu mrefu akitambaa juu ya jani la mwaloni, mti mkubwa wa Ulaya, utasema mara moja kwamba ni kiwavi, na mwisho wake atakuwa kipepeo. Réaumur alitaka miguu ihesabiwe kwanza. Kiwavi wa kweli hazidishi miguu 16. Ukihesabu 18, 20 au 22, basi huyo ni kiwavi wa uongo, na ukimfuga utapata mdudu wa mabawa manne wa jamaa ya nyigu. Jike lake ana msumeno mdogo tumboni. Réaumur aliueleza msumeno huo katika kitabu chake cha tano, mwaka 1740: jinsi jike anavyopasua kijiti cha mwaridi na kutia mayai ndani. Bibi Hélène Dumoustier alimchorea picha nyingi, naye hakutaka jina lake litajwe.

Lakini hesabu ya miguu haimalizi kazi. Juu ya mwaloni yuko mmoja mwenye utelezi kama konokono asiye na gamba, na miguu yake ni shida kuiona. Hula upande mmoja tu wa jani, akaliacha kama wavu. Wataalamu waliokuja baadaye walimwita Caliroa annulipes. Huyu, tazama kwanza alivyolila jani. Kisha mfuge katika chupa, umpe majani mabichi kila siku, na udongo chini wa kujizika, ungoje mpaka atoke na mabawa. Réaumur naye alifuga wadudu wake vivyo hivyo, bila haraka.

Vitabu sita vilipigwa chapa kati ya 1734 na 1742. Mwaka 1757 alianguka kutoka juu ya farasi, akafa. Aliacha marundo ya karatasi. Maandiko yake juu ya sisimizi yalikuja kupigwa chapa mwaka 1926.