Mtakatifu Augustino wa Buyenzi: Shukrani Katika Mji Uliojaa Wakimbizi



Majilio ni majira ya kungoja, na kungoja sisi tunakujua. Tunangoja mgao, tunangoja majibu ya makaratasi, tunangoja habari za nyumbani. Katika kungoja kwingi namna hii, neno la kushukuru linakuwa zito mdomoni. Tunasikia wengi wakisema kwamba watamshukuru Mungu siku watakaporudi, au siku watakapopata nchi ya kuwapokea. Kwa hiyo katika toleo hili tumeona vema tusimulie maisha ya mtakatifu ambaye hakungoja siku hiyo.

Ndugu zetu waliotoka Bujumbura wanalijua jina lake, maana ndilo jina la parokia ya Buyenzi. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili, mtaa wa misikiti, wa mafundi magari na wa soko la Ruvumera, ambako Mkristo na Mwislamu wanaishi ukuta kwa ukuta na kuombana chumvi. Lakini huyo Augustino alikuwa nani? Wengine wanadhani alikuwa Mzungu wa zamani. La, alikuwa Mwafrika. Alimzika mama yake ugenini, akafa akiwa askofu ndani ya mji uliozungukwa na vita.

Kuzaliwa na ujana wake

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Baba yake Patrisi hakuwa Mkristo. Alibatizwa karibu na mwisho wa maisha yake. Mama yake Monika alikuwa Mkristo wa sala nyingi na machozi mengi. Familia haikuwa na fedha za kutosha. Kijana alipokuwa na akili nyingi darasani, ilibidi tajiri mmoja wa mji wao, Romaniano, asaidie ili aende kusoma Kartago. Wazazi wanaohangaika na karo wanaelewa habari hii bila kuelezwa.

Huko Kartago alianza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume. Wakamwita Adeodato, yaani aliyetolewa na Mungu. Kisha akajiunga na dhehebu la Wamani, akakaa nalo miaka tisa. Monika alilia kwa ajili yake kama mama anavyomlilia mtoto aliyekufa, lakini hakuacha kumwombea.

Mwaka 383 Augustino alivuka bahari kwenda Roma, akimtoroka mama yake usiku. Mwaka uliofuata akapata kazi kubwa ya ualimu Milano. Alikuwa na heshima na mshahara, lakini moyo wake haukutulia. Monika naye akavuka bahari kumfuata. Kule Milano Augustino alianza kumsikiliza Askofu Ambrosi. Kwanza alikwenda kusikia ufundi wake wa kusema, mwishowe maneno yenyewe yakaanza kumwingia.

Aya ya Majilio

Katika mwaka 386, akiwa bustanini Milano, amechoka na kulia kwa sababu alitaka kumfuata Kristo na hakuweza kuacha maisha yake ya zamani, alisikia sauti ya mtoto ikimwambia achukue asome. Akafungua kitabu cha Mtume Paulo. Macho yake yaliangukia Waraka kwa Warumi, sura ya 13, mahali Mtume anapotuonya tuache ulevi, uasherati na ugomvi, na badala yake tumvae Bwana Yesu Kristo. Hakuhitaji kusoma zaidi.

Maneno hayo ndiyo tunayosomewa kanisani Dominika ya kwanza ya Majilio katika Mwaka A. Siku za Augustino, Kanisa la Afrika lilikuwa na sikukuu ya Noeli, naye alihubiri mara nyingi siku hiyo, lakini majira ya Majilio kama tunavyoyajua yalikuwa bado hayajawekwa. Hata hivyo aya iliyomgeuza ndiyo Mama Kanisa ameiweka mlangoni mwa mwaka wake. Alibatizwa na Ambrosi usiku wa Pasaka mwaka 387, pamoja na mwanawe Adeodato na rafiki yake Alipio.

Monika azikwa ugenini

Baada ya ubatizo waliamua kurudi Afrika. Walifika bandari ya Ostia, karibu na Roma, wakawa wanangoja kusafiri. Hapo Monika akashikwa na homa.

Zamani Monika alikuwa ametayarisha kaburi lake kando ya kaburi la mumewe, na alijali sana jambo hilo. Mwanawe mwingine alipomwona anazidiwa, alitamani mama yao afie katika nchi yake. Monika alimtazama kwa kumkemea. Akawaagiza wauzike mwili wake popote, wasisumbuke nao. Aliwaomba jambo moja tu, wamkumbuke katika altare ya Bwana popote watakapokuwa. Alikuwa amekwisha sema pia kwamba hakuna mahali palipo mbali na Mungu. Alifariki akiwa na umri wa miaka 56, akazikwa pale pale.

Ndugu zangu, kati yetu kuna waliozika mama, baba au mtoto kando ya njia, na hawajui kama watapaona tena mahali hapo. Jambo hili linatuuma wote. Monika hakuomba kaburi la nyumbani, aliomba jina lake litajwe katika Misa. Ombi hilo tunaweza kuwatimizia wapendwa wetu hapa hapa makazini.

Augustino alirudi Thagaste mwaka 388. Haukupita muda mrefu, Adeodato naye akafariki akiwa kijana. Augustino alimpoteza mama na mtoto katika miaka michache.

Parokia ya Hippo

Mwaka 391 alikwenda Hippo, mji wa bandari ambao leo ni Annaba, Algeria. Askofu mzee wa pale, Valerio, alikuwa anatafuta padre. Waamini walimkamata Augustino kanisani, wakamsukuma mbele ili apewe daraja. Alilia. Miaka michache baadaye akawa askofu, na akakaa katika kazi hiyo miaka ipatayo 35 hadi kufa.

Mji wenyewe ulikuwa umegawanyika. Wakristo wa Afrika walikuwa wamepasuka pande mbili, Wakatoliki na Wadonati, na katika Hippo Wakatoliki walikuwa wachache. Kabla Augustino hajafika, askofu wa Wadonati alikuwa amewakataza waokaji wa upande wake wasiwaokee Wakatoliki mkate. Majirani wa mtaa mmoja wakanyimana mkate! Sisi tunaotoka katika nchi zilizopasuka tunajua chuki inaanzia wapi. Augustino alijitahidi kwa mahubiri na majadiliano. Baadaye alikubali pia sheria za serikali zitumike kuwalazimisha, na jambo hilo hata wanaompenda wanaliona gumu.

Katika nyumba yake aliishi na mapadre wake maisha ya pamoja. Vijiko vilikuwa vya fedha, lakini vyombo vingine vya mezani vilikuwa vya udongo, mbao au mawe. Mezani palikuwa na maandishi ya kumwonya kila mgeni asimsengenye mtu asiyekuwepo. Wafungwa na maskini walipokuwa na shida kubwa, aliagiza vyombo vitakatifu vya kanisa viyeyushwe ili wasaidiwe.

Waamini wake nao walitenda. Wakati fulani wafanyabiashara ya watumwa walikuwa wanawateka watu wa vijijini na kuwapakia melini Hippo. Augustino mwenyewe hakuwapo mjini. Waamini wa parokia walikwenda wakawakomboa watu wapatao 120. Habari hii imo katika barua yake iliyopotea kwa karne nyingi, ikachapishwa mwaka 1981.

Salamu ya shukrani

Watu wa Augustino walikuwa na desturi ya kusalimiana kwa maneno mawili ya Kilatini, Deo gratias, maana yake Mungu ashukuriwe. Wadonati waliwacheka kwa salamu hiyo. Augustino aliwatetea watu wake. Alifundisha kwamba ndugu akimwona ndugu yake ni haki amshukuru Mungu, kwa sababu kuonana wakiwa ndani ya Kristo ni zawadi.

Tarehe 26 Septemba 426, akiwa mzee, aliwakusanya waamini katika kanisa lililoitwa Kanisa la Amani, akawatangazia padre Eraklio kuwa mrithi wake. Watu walipaza sauti kumshukuru Mungu na kumsifu Kristo. Makarani waliokuwa wanaandika walihesabu, wakaweka katika kumbukumbu kwamba shangwe hiyo ilirudiwa mara 23.

Wakimbizi wanafika

Lakini shukrani hiyo haikuwa ya watu walioshiba na kukaa salama. Mwaka 410 Roma ilitekwa na kuporwa, na wakimbizi wakavuka bahari kuja Afrika. Augustino aliwahimiza waamini wawapokee wageni. Karibu na wakati huo huo, akiwa safarini, alisikia kwamba watu wa Hippo wamelegea katika desturi yao ya kuwavisha maskini. Akawaandikia kwamba shida za dunia zisiwe sababu ya kuacha mema, bali ziwe sababu ya kuyazidisha. Kisha akaanza kuandika kitabu chake kikubwa juu ya Mji wa Mungu, kazi iliyomchukua miaka ipatayo 13, akifundisha kwamba Mkristo hapa duniani ni msafiri, na mji wake wa kweli hauwezi kuchomwa moto.

Mwaka 429 vita vikafika Afrika yenyewe. Wavandali walivuka kutoka Hispania, wakachoma vijiji na makanisa. Askofu mmoja, Honorato, alimwuliza kama wachungaji wanaweza kukimbia. Alijibu kwamba anayetafutwa yeye binafsi anaweza kukimbia, ikiwa wapo wengine wa kuwahudumia watu. Lakini pale waamini wanapobaki na wanahitaji sakramenti, wachungaji wasiwaache.

Yeye alibaki. Mwaka 430 Hippo ilizungukwa na adui, ndani yake wamejaa waliokimbia kutoka kila upande. Mmoja wao alikuwa Posidio, askofu wa Kalama, aliyekimbilia kwa rafiki yake. Ndiye aliyeandika maisha ya Augustino baadaye. Kwa hiyo mengi tunayoyajua juu ya siku zake za mwisho yameandikwa kwa mkono wa mkimbizi.

Katika mwezi wa tatu wa kuzingirwa, Augustino akaugua homa. Aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, akazisoma kitandani huku akilia. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, akiwa na umri wa miaka 75. Hakuacha wosia wa mali, maana hakuwa na mali ya kugawa. Aliagiza tu vitabu vya kanisa vitunzwe. Vita viliendelea mpaka mji ukaachwa na kuchomwa, lakini vitabu vikapona. Hata mifupa yake haikukaa nyumbani. Ilipelekwa Sardinia, kisha Pavia, Italia, iliko hadi leo. Na Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, ni mtawa wa shirika linalofuata kanuni ya mtakatifu huyu.

Na sisi je?

Tunajifunza kwamba shukrani si malipo tunayompa Mungu mambo yakishakuwa mazuri. Watu wa Hippo walisema Deo gratias wakinyimwa mkate, wakaisema wakipokea wageni. Walishukuru kwa sababu Kristo amekuja na bado walikuwa pamoja. Na shukrani yao haikuishia mdomoni, ilikomboa watu na kuwavisha.

Basi tunaomba kila jumuiya ifanye mambo matatu kabla ya Noeli. Kwanza, tukikutana njiani au kwenye foleni ya maji, tusalimiane kwa kumshukuru Mungu, hata kama siku ni mbaya. Pili, kila nyumba itoe nguo moja inayovalika kwa ajili ya familia zilizofika karibuni, bila kuuliza kabila wala dini. Buyenzi ilitufundisha jirani ni nani. Tatu, tuandike majina ya marehemu wetu waliozikwa mbali, tuyalete pamoja na matoleo katika Misa ya Dominika ya nne ya Majilio, yakae altareni kama Monika alivyoomba.

Njia ya kurudi hatuijui bado. Lakini Bwana anayekuja anaijua njia ya kufika hapa tulipo.

Mtakatifu Monika, utuombee. Mtakatifu Augustino, msimamizi wa Buyenzi, utuombee.

Tunawatakia nyote Majilio mema. Mungu ashukuriwe!