Filamu Iliyomkera Stalin: Maisha ya Sergei Eisenstein

Tangu wizara zihamie Mtumba, wenye kamera wa Dodoma wamepata soko jipya. Wizara inataka video ya mafanikio, taasisi inataka makala ya historia yake tangu ianzishwe, na wenzetu wanaokwenda huko kwa mafunzo kwa vitendo hurudi na stori zinazofanana: mswada umerudishwa mara ya tatu, huyu atolewe, yule aongezwe, bosi hajaonekana vya kutosha. Ukiwasikiliza vijiweni utadhani mambo haya yameanza juzi. Kuna jamaa aliyafanyia kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, tena chini ya bosi ambaye kumkera kungeweza kuishia kwa risasi. Jina lake Sergei Eisenstein, mwongozaji wa filamu wa Kirusi.

Alizaliwa Januari 1898 mjini Riga, ambao leo ni mji mkuu wa Latvia lakini wakati huo ulikuwa ndani ya himaya ya Urusi. Baba yake, Mikhail, alikuwa mhandisi na msanifu wa majengo. Nyumba alizozichora, zenye nyuso na sanamu kila pembe ya ukuta, bado zinawavuta watalii. Wazazi walitengana angali mdogo, mama akahamia St Petersburg. Kijana naye akaingia chuo kusomea uhandisi wa ujenzi, njia ile ile ya baba. Yakaja mapinduzi ya 1917. Mwaka uliofuata Sergei akaacha masomo na kujiunga na Jeshi Jekundu, wakati baba yake alisimama upande wa Weupe, maadui wa Wabolsheviki, akaja kufia Berlin. Mtoto na baba katika vita moja, kila mtu na jeshi lake.

Jeshini alijenga maboma, akachora mabango na mapambo ya jukwaa. Vita vilipopungua akahamia Moscow na kuingia kwenye tamthilia, akawa mwanafunzi wa Vsevolod Meyerhold, bingwa mkubwa wa jukwaa wa enzi hizo. Mshike huyo Meyerhold, tutamrudia.

Filamu yake ndefu ya kwanza, Mgomo, ilitoka 1925. Humo alionyesha alichokuja kukifundisha dunia nzima: ukichukua kipande cha picha ukakigonganisha na kingine kisichohusiana nacho, kichwani mwa mtazamaji linazaliwa wazo la tatu ambalo halimo katika kipande chochote. Wafanyakazi wanapigwa risasi. Mara anaonekana ng'ombe anachinjwa. Hakuna maelezo, na hayahitajiki. Kila kijana anayekata vipande vya video kwa simu leo anamlipa huyu bwana ushuru bila kujua.

Desemba mwaka huo huo ikazinduliwa Manowari Potemkin katika ukumbi wa Bolshoi, kuadhimisha miaka 20 ya uasi wa 1905. Mabaharia wanaletewa nyama yenye funza, wanakataa kula, meli nzima inageuka. (Wanaolalamikia wali wa kantini wataielewa haraka.) Sehemu maarufu ni ile ya ngazi za Odessa: askari wanashuka kwa mpangilio, wanafyatua risasi, raia wanaanguka, kigari cha mtoto kinabingirika peke yake. Ni moja ya sehemu zilizoigwa kuliko zote katika historia ya sinema. Sasa, mauaji yale hayakutokea namna ile. Odessa watu waliuawa kweli mwaka 1905, lakini mauaji ya kwenye ngazi, kwa umbo lile, ni kazi ya Eisenstein. Mwalimu wa historia angemkata maksi. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile aliona vema kumwonya msomaji mapema kwamba shujaa wake wa jukwaani si sawasawa na yule wa historia. Eisenstein hakujisumbua na onyo, na picha yake ikaimeza historia. Uingereza iliogopa nguvu hiyo, ikaipiga marufuku filamu mpaka 1954. Serikali ya Moscow iliiona nguvu hiyo hiyo ikafurahi. Ndipo matatizo yake yalipoanzia, maana mtu akishajua kwamba una uwezo wa kuunda kumbukumbu ya taifa, hawezi tena kukuacha ufanye peke yako.

Kumbuka mazingira. Kwetu ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, inayomtaka mtu apate kibali kabla hajaanza kupiga picha. Moscow ilikwenda mbali zaidi ya kibali. Kufikia miaka ya 1930, studio, kamera, mkanda, kumbi za sinema na mshahara wa mwongozaji vyote vilikuwa mkononi mwa serikali. Ukigombana nao, huna mlango wa pili wa kubisha.

Onja ya kwanza aliipata mapema. Mwaka 1927 alipewa kutengeneza Oktoba kwa maadhimisho ya miaka kumi ya mapinduzi. Akiwa mezani anahariri, Trotsky, mmoja wa waliouongoza uasi wenyewe, akafukuzwa chamani. Basi Trotsky akatolewa na kwenye filamu. Eisenstein alishika mkasi akakata, na filamu ikaja kutoka rasmi mwaka uliofuata, sherehe zimeshapita. Filamu iliyofuata, ya kilimo cha ushirika, nayo Stalin aliitia mkono: ikabadilishwa mwisho na hata jina.

Mwaka 1929 aliruhusiwa kusafiri. Alizunguka Ulaya, akafika Hollywood, akashindwana na kampuni ya Paramount, akaenda Meksiko kwa fedha alizochangishiwa na mwandishi Upton Sinclair. Huko alipiga picha nyingi mno, hela ikaisha, Sinclair akachoka, na Stalin akamwandikia Sinclair kwamba wenzake nyumbani wanamwona Eisenstein kama mtoro. Alirudi 1932 bila mkanda hata mmoja. Filamu ya Meksiko hakuwahi kuihariri.

Nyumbani alikuta hewa imebadilika. Wakubwa wa sanaa walimwona mtu wa nadharia na mbwembwe, akaishia zaidi darasani, akifundisha katika chuo cha filamu cha Moscow. Alipopewa tena kazi, Uwanda wa Bezhin, alihangaika nayo miaka miwili. Ni hadithi ya mtoto wa kijijini anayeuawa na baba yake kwa sababu amesimama na serikali. Aliandika upya mswada akisaidiwa na mwandishi Isaac Babel, akabadilisha, akapiga picha upya, na bado Machi 1937 mkuu wa sekta ya filamu, Boris Shumyatsky, akaamuru kazi isimamishwe. Mkanda wenyewe ulipotea; kilichobaki ni fremu chache chache. Eisenstein akatakiwa atubu hadharani. Akatubu, kwa maandishi, akaorodhesha makosa yake na kushukuru kwa kukosolewa.

Usimcheke haraka. Shumyatsky mwenyewe alikamatwa mwaka uliofuata na kupigwa risasi. Babel alikamatwa 1939, akauawa 1940. Meyerhold, yule mwalimu wake, alikamatwa Juni 1939 na kuuawa Februari 1940. Eisenstein hakutoka hadharani kumtetea. Lakini alifanya jambo ambalo mimi nalipa uzito kuliko tuzo zake zote: familia ya Meyerhold ilimletea nyaraka za mwalimu, naye akazificha kwenye nyumba yake ya nje ya mji. Kukutwa na karatasi za mtu aliyeitwa adui wa umma ilikuwa hatari kubwa. Aliziweka mpaka anakufa, na leo tunamjua Meyerhold kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyo.

Katikati ya hofu hiyo akarudishiwa heshima. Mwaka 1938 alitoa Aleksandr Nevsky, kisa cha mtawala wa Urusi aliyewapiga mashujaa wa Kijerumani juu ya barafu ya ziwa mwaka 1242. Muziki uliandikwa na Sergei Prokofiev, na vita vya barafuni vilipigwa picha wakati wa kiangazi, barafu yenyewe ya kutengeneza. Ikavuma, akapewa Nishani ya Lenin. Agosti 1939 serikali ya Stalin ikatia saini mkataba na ile ya Hitler, na filamu inayowasema Wajerumani ikaondolewa kimya kimya kwenye kumbi. Juni 1941 Hitler akavamia, filamu ikarudi. Hakuna fremu hata moja iliyobadilika katikati ya hayo yote.

Januari 1941 akaletewa oda kubwa kuliko zote: filamu ya Ivan wa Nne, mfalme wa karne ya 16 anayejulikana kama Ivan Mkali. Kila mtu alielewa maana yake. Stalin alimpenda Ivan, mtu aliyewavunja makabaila na kuunganisha nchi kwa mkono wa chuma. Alichotakiwa mwongozaji ni kuonyesha kwamba ukali ule ulikuwa wa lazima.

Vita vilipozidi, studio za Moscow zilihamishiwa Alma-Ata, Kazakhstan. Walipiga picha usiku, kwa kuwa mchana umeme ulikuwa wa viwanda vya vita. Nikolai Cherkasov aliigiza Ivan, na Eisenstein alimkunja shingo na mgongo mpaka mwigizaji akalalamika. Sehemu ya kwanza ilitoka Januari 1945. Humo Ivan ni kijana mzuri, shupavu, anayezungukwa na wasaliti. Stalin akapendezwa, na mwanzoni mwa 1946 ikapewa Tuzo ya Stalin, daraja la kwanza.

Sehemu ya pili ni kitu kingine kabisa. Ivan amezeeka, ana shaka, anaua halafu anasali. Walinzi wake, wale oprichniki, wanacheza ngoma ya kulewa, na hapo ghafla filamu nyeusi na nyeupe inaingia rangi, nyekundu na dhahabu, kwa mkanda ulionyakuliwa kwa Wajerumani. Kuna tukio moja kanisani ambalo nimelirudia mara nyingi. Maaskofu wanamwandalia mfalme igizo la Shadraka, Meshaki na Abednego ndani ya tanuru la moto, lenye Nebukadreza mfalme mbaya. Wanataka aone haya. Mtoto mmoja katika watazamaji anacheka, anamnyooshea Ivan kidole na kuuliza kama huyo ndiye yule mfalme mpagani wa kutisha. Ivan anasikia. Badala ya kuona haya, anaamua kwamba kama wamemwita wa kutisha, basi atakuwa wa kutisha.

Hebu fikiri: mtu ameagizwa na mtawala kumtengenezea igizo, naye ndani yake anaweka igizo lililotengenezwa kumsuta mtawala, na anaonyesha pia kwamba halitasaidia kitu. Alijua kabisa nani atakaa kitini kuitazama.

Februari 2, 1946, akiwa anacheza dansi katika tafrija ya kupongezwa kwa tuzo, moyo ulimshika. Alikuwa hospitali Stalin alipoitazama sehemu ya pili, na Stalin alichukia. Septemba 4 mwaka huo Kamati Kuu ya chama ikatoa azimio: mwongozaji haijui historia, amewaonyesha walinzi wa Ivan kama genge la Ku Klux Klan, na Ivan mwenyewe amekuwa dhaifu asiye na msimamo, kama Hamlet.

Eisenstein aliomba kuonana na mkubwa. Usiku wa Februari 25, 1947, yeye na Cherkasov wakaitwa Kremlin, wakamkuta Stalin na Molotov na Zhdanov. Somo la historia likatolewa na Stalin mwenyewe. Ivan alikuwa mkali, na ukali uonyeshwe, ila ielezwe kwa nini ulihitajika. Kosa lake ni kwamba hakuzimaliza kabisa familia tano kubwa za makabaila. Kila akiua alikuwa anapoteza muda kutubu. Wakashuka mpaka kwenye ndevu za Ivan, kwamba ni ndefu mno, na busu lake kwa mkewe, kwamba limechukua muda mrefu mno. Eisenstein akaahidi kufupisha ndevu. Akaruhusiwa airekebishe filamu, asiharakishe, hata miaka mitatu ikipita si neno. Kwa mtu aliyeona wenzake wakiondoka mmoja mmoja, hii ilikuwa bahati ya ajabu.

Hakuirekebisha. Hakukataa, hakuandika barua ya kupinga, aliendelea tu kuandika vitabu vyake vya nadharia na kumbukumbu za maisha, huku moyo ukiwa mbovu. Wapo wanaosema ni ugonjwa tu. Kupiga upya sehemu nzima kungeshinda hata mzima. Mimi naona vyote viwili vinawezekana kwa pamoja, na sioni haja ya kumfanya shujaa. Mkono uliomkata Trotsky ni huu huu uliozificha karatasi za Meyerhold, na kalamu iliyotubu mwaka 1937 ndiyo iliyoandika lile tukio la kanisani. Anayetaka kumweka upande mmoja itabidi atupe nusu ya maisha yake.

Alikufa usiku wa kuamkia Februari 11, 1948, akiwa na miaka 50. Picha alizokuwa amepiga kwa ajili ya sehemu ya tatu ziliharibiwa, kikabaki kipande kifupi. Stalin alikufa 1953, na sehemu ya pili ikaonyeshwa kwa umma 1958, miaka kumi baada ya mwongozaji kuzikwa. Mkewe, Pera Atasheva, alitunza vitabu, michoro na maandishi yake.

Sehemu hiyo ya pili inapatikana mtandaoni na inakaribia saa moja na nusu, kwa hiyo weka bando la kutosha, au subiri usiku wa manane mtandao wa hosteli unapotulia. Tukio la tanuru halipo mbali sana na mwanzo. Mwangalie yule mtoto, halafu mwangalie Cherkasov anavyogeuza shingo.